Eneokazi jepesi la Linux kwa watu waliozoea Windows: nianze na lipi?

Katibu_Rehema aliuliza:

Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa jukumu la kuhamisha kompyuta za ofisi yetu kutoka Windows 10 kwenda Linux. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu zote zinakataliwa na Windows 11. Nyingine shida ni prosesa, nyingine hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Lakini zinawaka vizuri, kibodi nzima, skrini safi. Kuzitupa siwezi kukubali.

Karibu zote zina RAM ya GB 4 na diski zile za kuzunguka. Moja ina GB 2 na ni ya zamani zaidi. Kazi zetu ni za kawaida: barua, majedwali ya hesabu, barua pepe, WhatsApp ya kwenye brauza, kuchapa na kuskani. Hakuna anayehariri video wala kucheza gemu.

Kinachonitia wasiwasi ni watu. Mhasibu wetu ni mama mtu mzima aliyeanza na Windows tangu enzi za XP. Anapohifadhi faili haangalii hata skrini, mkono unakwenda wenyewe. Nilimwonyesha distro moja (yaani toleo la Linux) yenye eneokazi la GNOME isiyoguswa, nikaiwasha kutoka kwenye flashi. Akatafuta kitufe cha kushusha dirisha, hakipo. Akatafuta upau wa chini unaoonyesha alichofungua, haupo. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kazi yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nimesoma sana kuhusu maeneokazi mengine, yaani Xfce, LXQt, MATE, Cinnamon na Plasma, na kila mtu anasema ya kwake ndiyo nyepesi. Ninachotaka kujua ni ipi itakayotulia kwenye GB 4 na wakati huohuo mama huyu aweze kuikalia asubuhi na kazi yake isonge. Nitashukuru zaidi majibu ya mtu aliyewahi kuhamisha watu, kwa sababu mashine peke yake hazinipi shida.

lxqt_daima alijibu:

Lubuntu, dada. Inatumia LXQt, na LXQt ni nyepesi kuliko zote ulizotaja. Menyu iko chini kushoto, upau uko chini, saa iko kulia. Mtu wa Windows 7 atajiona yuko nyumbani. LXQt ilizaliwa 2014 pale watu wa maeneokazi ya LXDE na Razor-qt walipounganisha kazi zao, na tangu siku hiyo lengo lao halijabadilika: isimame haraka, isile RAM. Kidhibiti faili chake, PCManFM-Qt, kinafunguka papo hapo hata kwenye diski ya kuzunguka. Hata ile mashine ya GB 2 utaiokoa.

Mtunza_Mashine alijibu:

Dada Rehema, kazi hii nimeifanya kwenye ofisi ndogo na kwa wazee wa familia yangu, kwa hiyo nitasema wazi: weka Linux Mint, toleo la Xfce, kwenye kila mashine ya GB 4. Ndugu yangu hapo juu hajakosea kuhusu LXQt, ila nadhani sote tunapoulizwa swali hili tunaanza kupimana megabaiti, na mama wa hesabu hahesabu megabaiti.

Nianze na wepesi wenyewe, niumalize. Mashine ikiwa imewaka tu na hujafungua chochote, tofauti ya RAM kati ya LXQt na Xfce ni megabaiti mia au mia mbili hivi, kutegemea distro imepakia nini nyuma ya pazia. Sasa fungua brauza, ingia kwenye barua pepe, ingia WhatsApp. Ukurasa mmoja tu kati ya hizo unaweza kumeza tofauti yote hiyo na kuomba nyongeza. Mzigo wa kompyuta ya GB 4 leo ni brauza. Eneokazi ukishaitoa GNOME na ukaweka chochote cha jamii ya Xfce, LXQt au MATE, umeshavuna karibu vyote vilivyopo kuvunwa.

Kama ofisi ina fedha kidogo ya kutumia, nunueni SSD kabla ya kubishana kuhusu eneokazi. Diski ya kuzunguka ndiyo inayomfanya mtu abofye mara tatu akidhani kompyuta haijamsikia. Na ukitaka kupima RAM, fungua terminali uandike `free -h`, kisha tazama safu ya mwisho, ya kumbukumbu inayopatikana. Watu wengi hutazama ile inayosema "free" wakashtuka kuwa RAM imekwisha, kumbe Linux imeazima nafasi iliyokuwa imekaa bure kuhifadhia mafaili yaliyosomwa karibuni, na itairudisha ikihitajika.

Kwa nini Mint na si Lubuntu basi? Kuna sababu mbili ninazozijali. Lubuntu 24.04 inatunzwa miaka mitatu, yaani hadi 2027. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo ya 24.04 lakini inatunzwa hadi 2029. Wewe unahamisha watu wasiopenda kuhamishwa, kwa hiyo miaka miwili ya utulivu ina thamani kubwa. Sababu ya pili ni Firefox. Kwenye Lubuntu inakuja kama Snap, aina ya kifurushi kinachobeba mahitaji yake yote ndani, na kwenye diski ya kuzunguka Snap huchelewa kufunguka, hasa mara ya kwanza baada ya kuwasha. Mint wanaileta Firefox kama kifurushi cha kawaida. Kwa mtu ambaye asubuhi yake inaanza kwa kufungua brauza, hilo ataliona kila siku.

Sasa tuje kwenye mazoea, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Watu hudhani mazoea ni kitufe cha Start kuwa chini kushoto. Hilo ndilo dogo kuliko yote, na Xfce ya Mint inakupa tayari: upau uko chini, menyu ya Whisker inafunguka ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, na ukianza kuandika jina la programu inakuja. Kubofya mara mbili kunafungua faili. Alt na F4 inafunga dirisha. Alt na Tab inabadilisha. Mambo hayo yatamalizika siku ya kwanza. Mazoea ya kweli ni yale mkono unayoyafanya bila kuuliza kichwa, na ndiyo ninayotaka uyashughulikie kabla hujamkalisha mtu kwenye kiti.

Kubwa kuliko yote ni flashi. Tangu Windows 10 toleo la 1809, Windows imewekwa ili flashi ichomolewe wakati wowote mwanga ukishazima, na watu wamezoea hivyo. Linux hupokea faili kwenye kumbukumbu kwanza, halafu inaliandika kwenye flashi taratibu. Mstari wa kunakili unaweza kutoweka kwenye skrini huku nusu ya faili bado haijaandikwa. Mtu akichomoa hapo, anafika benki na faili bovu, na lawama zote zinaiangukia Linux. Mfundishe kila mmoja kubofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi ndani ya Thunar, kidhibiti faili cha Xfce, na kusubiri aambiwe ni salama. Mfundishe siku ya kwanza, kabla hujagusa kitu kingine, na umtazame akifanya mwenyewe. Ningekuwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hilo.

Flashi hiyohiyo ina jambo la pili. Kwenye Windows, ukifuta faili lililo kwenye flashi, limekwenda. Kwenye Linux linahamishiwa kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, na jina lake huanza na `.Trash`. Mtu anafuta, anafuta, flashi bado imejaa, anakuja kwako akisema flashi imeharibika. Mwonyeshe kumwaga pipa la takataka flashi ikiwa bado imechomekwa.

Mama wa hesabu nina mambo yake peke yake. Hakikisha NumLock inawaka yenyewe. Mtu wa hesabu anaishi kwenye namba za upande wa kulia wa kibodi, na akiandika namba mshale ukamkimbiza seli nyingine, umeshampoteza asubuhi hiyo. Kwenye Mint sakinisha numlockx, kisha uende kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia uiwashe pale. Halafu angalia alama ya desimali. Nchi utakayochagua wakati wa kusakinisha ndiyo inayoamua kama ni nukta au mkato, na LibreOffice inafuata hilo. Jedwali likianza kuona 12.5 kama maandishi badala ya namba, jumla haitakuwa sahihi na hakuna atakayejua kwa nini.

Ukiwa ndani ya LibreOffice, nenda kwenye chaguo za kupakia na kuhifadhi, uiambie ihifadhi daima kwa muundo wa Word na wa Excel, maana mafaili yenu yanakwenda kwa watu wa nje. Usimwachie mtumiaji aamue hilo kila anapohifadhi. Angalia pia kama fonti za Carlito na Caladea zimo, na kama hazimo uziongeze. Zimechorwa kwa vipimo vya Calibri na Cambria, kwa hiyo barua iliyoandikwa kwa Calibri haitaruka kurasa ikifunguliwa kwako. Familia ya Liberation inafanya hivyohivyo kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Barua ikibaki na mistari yake mahali pake, nusu ya manung'uniko hayatazaliwa.

Xfce ina kasoro moja inayoniudhi kwa dhati: kingo za madirisha ni nyembamba mno. Mtu anajaribu kuvuta pembe ya dirisha alipanue, mshale haushiki. Chagua mtindo wa dirisha wenye kingo pana, au wafundishe kushika Alt na kuvuta kwa kitufe cha kulia cha mausi popote juu ya dirisha. Na waambie gurudumu la mausi wasilibonyeze hovyo, kwa sababu linabandika maandishi yaliyochaguliwa mwisho pale mshale ulipo.

Mengine ni madogo. Hakuna C: wala D:, kuna folda yako tu. "Ripoti" na "ripoti" ni mafaili mawili tofauti. Watu huyazoea hayo bila msaada.

Bw_Kerneli alijibu:

Nakubaliana na Mint, ila mbona Xfce? Cinnamon ndiyo eneokazi la Mint lenyewe, ndiyo wanayoitengeneza kwa mikono yao tangu walipokimbia GNOME 3, na inafanana na Windows 7 na 10 kuliko zote. GB 4 ni kiwango ambacho Mint wenyewe wanakipendekeza. Mimi ningeweka Cinnamon, halafu nashusha mtindo na ikoni za Windows 10 zilizopo mtandaoni, na ule ukuta wa bluu. Mama hatagundua hata kama amehamishwa.

Mtunza_Mashine alijibu:

Kaka, Cinnamon naipenda, na kwenye mashine ya GB 8 yenye kadi ya michoro inayojiweza ningeiweka bila kusita. Lakini Cinnamon huchora kila kitu kwa kupitia kadi ya michoro. Kwenye mashine kuukuu, draiva ya kadi ikishindwa, kazi hiyo inamwangukia prosesa, na hapo hata kusogeza dirisha kunakuwa kazi. Xfce unaweza kuzima kabisa vivuli na uwazi wa madirisha, kwenye mipangilio ya ziada ya kidhibiti dirisha, na bado ikabaki eneokazi kamili. Kwenye kompyuta ya GB 4 ambayo brauza imeshachukua fungu lake, nataka kilichobaki kiende kwa LibreOffice.

Hilo la kuivika Linux nguo za Windows nalipinga kwa nguvu, na naomba dada Rehema alisikie. Mtu akiona ukuta wa bluu na nembo ya Windows, anafanya mambo ya Windows. Atapakua faili la .exe la printa na kulibofya. Atatafuta Control Panel. Atatumiwa na mtoto wake programu ya Windows na kukaa nayo nusu saa. Kila anaposhindwa, anaamini kompyuta yake ni Windows iliyoharibika. Akijua tangu mwanzo kuwa hii ni nyingine, inayofanana pale inapofaa kufanana, akikwama atakuuliza, na jibu utakalompa atalikumbuka. Watu wazima wanaweza kujifunza. Kinachowaumiza ni kufichwa.

Kwa hiyo mpangilio wa Windows uchukue: upau chini, majina ya madirisha yaonekane kwenye upau na yasikunjwe pamoja, saa kulia, ikoni za kazi zake tatu au nne kwenye eneokazi. Rangi na nembo ziache za Mint.

Katibu_Rehema aliandika:

Nimeyasoma yote mara mbili, asanteni sana. Hilo la NumLock na la flashi sikuwahi kuliona popote, na ndiyo maisha yetu ya kila siku.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Kwanza, mama ana faili moja la mishahara la Excel lenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), alitengenezewa zamani na mtu aliyekwisha kuondoka. Pili, printa: tunayo moja mpya ya Wi-Fi, na moja ya leza ya zamani ya waya ambayo ndiyo wote wanaipenda. Tatu, ile mashine ya GB 2 nifanyeje? Nimeangalia, prosesa yake ni ya biti 32.

Nyuki_wa_Debian alijibu:

Nijibu la tatu, kwa sababu mashine za namna hiyo ninazo kadhaa. Biti 32 inakubana sana siku hizi. Ubuntu na ndugu zake walishaondoka huko, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Chrome iliacha Linux ya biti 32 tangu 2016. Kilichobaki chenye uhai ni vitu kama antiX, na MX Linux ya mfululizo wa 23 iliyojengwa juu ya Debian 12. Kwenye GB 2 ningeweka antiX. Inatumia IceWM, kidhibiti dirisha chepesi, yenye upau wa chini na menyu ya kushoto inayoeleweka na mtu wa Windows 98 na XP, na inaamka upesi sana.

Lakini usimkalishe mtu wa barua pepe na WhatsApp hapo. Kurasa za leo zitaielemea hata ukiwa na eneokazi la sifuri. Mpe kazi moja: kuchapa, kuskani, au kuandika barua tu. Kwa kazi hizo itadumu.

Nyongeza kuhusu MX kwa mashine zako za biti 64, kama Mint itakataa Wi-Fi au kitu kingine: MX yenye Xfce ni nzuri mno, ila upau wake unakuja umesimama wima upande wa kushoto. Usiogope. Kwenye zana za MX kuna sehemu ya kuulaza chini kwa kubofya mara moja.

Mtunza_Mashine alijibu:

Nakubaliana na Nyuki kila neno.

Kuhusu faili la mishahara: LibreOffice inaweza kuendesha makro nyingine za Excel na nyingine hazikubali, na hutajua mpaka ulijaribu hilo hilo. Jaribu kwenye nakala. Linganisha matokeo ya mwezi uliopita, mstari kwa mstari, na mama akiwa amekaa pembeni yako, kwa sababu yeye ndiye atakayeona kosa. Ikitokea hata mshahara mmoja umetofautiana, usilazimishe. Acha mashine moja na Windows kwa ajili ya faili hilo, iondoe kwenye intaneti, na iwe inawashwa siku za mishahara tu. Excel ya kwenye brauza haitakusaidia hapa, haiendeshi makro za namna hiyo. Baadaye mtafuteni mtu aiandike upya hesabu hiyo kwa fomula za kawaida. Mishahara ya watu haifai kutegemea faili ambalo hakuna anayelielewa ofisini.

Printa mpya ya Wi-Fi kuna uwezekano mkubwa itaonekana yenyewe. Printa nyingi za miaka ya karibuni huzungumza moja kwa moja na CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux, bila draiva. Ile ya leza ya zamani ndiyo ya kuiangalia, kwa sababu zipo leza za bei nafuu ambazo hazina akili yake yenyewe, zilitegemea draiva ya Windows iwachoree kila ukurasa. Washa Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, chomeka waya, chapa ukurasa. Fanya hivyo kwa kila mashine, ujaribu na sauti, Wi-Fi na skana papo hapo. Chochote kisichofanya kazi kwenye flashi utakijua kabla hujafuta kitu. Wi-Fi ikikataa, unganisha intaneti kwa waya au kwa simu iliyochomekwa kwa waya wa USB, kisha ufungue kidhibiti cha draiva cha Mint. Kadi nyingi za Broadcom hupatikana pale.

Sasa jambo ambalo hukuuliza lakini ndilo lililonisaidia kuliko uchaguzi wowote wa eneokazi. Usibadilishe vyote siku moja. Wiki kadhaa kabla, wakiwa bado kwenye Windows, wawekee Firefox na LibreOffice, ondoa njia za mkato za programu za zamani, waache wafanye kazi hivyo. LibreOffice ina mwonekano wa vichupo unaokaribiana na ule wa Word, uwashie ndani ya menyu ya mwonekano. Watalalamika kidogo, utarekebisha, watazoea. Siku ya kuhamia Linux, brauza ni ileile na alamisho zake, programu ya barua ni ileile, na kilichobadilika ni upau na folda tu.

Kwa WhatsApp, Mint ina zana ya kutengeneza programu kutokana na ukurasa wa wavuti. Itengenezee ikoni yake, ikae kwenye menyu na kwenye upau. Mtu hatalazimika kuitafuta kati ya vichupo, na akimaliza ataifunga, RAM ikarudi.

Mafaili ya watu yanakili kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, na fungua machache kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka. Kama diski imefungwa na BitLocker, ule ulinzi wa siri wa Windows, tafuta ule ufunguo wa kurejesha kwanza. Na kwenye ile utakayoiachia Windows, au yoyote utakayoweka mifumo miwili, zima kipengele cha kuwasha haraka, la sivyo Windows inajiacha nusu usingizi na Linux itaona diski yake kama ya kusoma tu.

Katibu_Rehema aliandika:

Nimeanza na mashine yangu mwenyewe. Mint Xfce imeingia, printa zote mbili zimechapa kutoka kwenye flashi, hata ile leza. Nikishapanga upau na njia za mkato, je, itabidi nirudie mpangilio wote kwa mkono kwenye kila kompyuta?

Mtunza_Mashine alijibu:

Hapana. Upau una zana yake, xfce4-panel-profiles, inayouhifadhi kama faili moja unaloweza kulifungua kwenye mashine nyingine. Njia za mkato na mipangilio mingine ya Xfce iko ndani ya folda iliyofichwa, `.config/xfce4`. Inakili kwenye flashi, na kwa kila mtumiaji mpya iweke mahali palepale kabla hajaingia mara ya kwanza. Ukifanya hivyo mtu akihamia kiti cha mwenzake atakuta kila kitu pale alipokizoea.

Ukiwa hapo, panga kitufe cha Windows pamoja na E ifungue Thunar, Windows na D ionyeshe eneokazi, Windows na L ifunge skrini, na Ctrl, Shift na Esc ifungue kidhibiti cha kazi. Baadhi utazikuta zimeshawekwa, zilizokosekana ziongeze kwenye mipangilio ya kibodi, isipokuwa ya kuonyesha eneokazi, hiyo iko kwenye kidhibiti dirisha.

Kisha fungua Timeshift, chukua picha ya mfumo sasa hivi ukiwa umetulia hivyo, na uiweke ichukue nyingine kila wiki. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida haigusi mafaili ya mtumiaji, inalinda mfumo. Hati za mama wa hesabu bado zinahitaji diski yake ya nje.